Mizizi ya Mkungu wa Bi Tatu

Mkicheka chekeni, aibu hii nimeificha tangu miaka ya hamsini hadi nimechoka, ila kwanza mjue: mizizi haikuwa yangu. Ilikuwa ya mti wa mkungu wa jirani yangu hapo Kariakoo, Bi Tatu, ikapita chini ya ukuta wa udongo uliotenganisha nyua zetu, ikaja kupasua sakafu ya bafu niliyoisakafia kwa mikono yangu mwenyewe, maji yakawa hayatoki, mtu unaoga umesimama dimbwini kama bata.

Ningemwendea, lakini Bi Tatu alikuwa amefiwa na mumewe, amekaa eda, na mjane aliye edani haonekani na wanaume wa nje mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Nikamtuma mke wangu, Zainabu. Akarudi na jibu kwamba mti ni wa marehemu, haukatwi mpaka mirathi igawanywe.

"Tungoje tu, mume wangu," akasema.

Sisi tungoje, mizizi je, inangoja?

Basi Jumapili, Zainabu kaenda sokoni, nikajiambia mti siugusi, nakata kilicho chini ya sakafu yangu tu. Nikajifunga msuli (mkuukuu, fundo lenyewe la kubahatisha), nikashika shoka, nikakata mzizi wa kwanza, wa pili, na wa tatu mnene kama paja, kumbe huo ndio uliokuwa umeubeba ukuta. Ukuta ukalala upande wa pili, taratibu kabisa, fito zikanasa msuli wangu zikaenda nao. Vumbi lilipotulia, huyo Bi Tatu, kichwa wazi, anachana nywele, na mimi nimejisitiri kwa ndoo.

Nikasema, "Hodi."

Shangazi yake akamfunika mjane kwa ungo, akanitazama juu mpaka chini. "Baba, hodi hupigwa kabla ya kubomoa."

Watu wakajaa, na hakuna hata mmoja aliyeitazama sakafu. Kabla ya adhuhuri habari imefika Msimbazi kwamba nimeshindwa kungoja eda iishe, nimebomoa ukuta nimwone mjane kabla wenzangu hawajamposa. Mimi, mtu mzima na mke wangu. Zainabu aliyasikia hukohuko sokoni, mchicha mkononi, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake Magomeni.

Nikamfuata. Nikaeleza mbele ya shemeji na baraza lake zima, tangu ufa wa kwanza, na kila nikitamka mizizi wanacheka, na nilivyozidi kukasirika ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Zainabu hakucheka.

"Ya mizizi nakuamini," akasema. "Lakini leo kila mwanamke sokoni ananionea huruma."

Hasira zikaniisha palepale, nikaona haya kwelikweli.

Alirudi wiki moja baada ya eda ya Bi Tatu kwisha, mtaa mzima uliposhuhudia kwamba sikutuma posa. Mizizi ilikuwa ya kwao, hilo nitalisema mpaka kaburini. Ila naapa, jirani akikaa eda, na mti wake nitauhesabu umekaa eda.