Neno la Aliye Chini

Maduhu alikuwa mvuta kamba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, huko Mwakitolyo, na msimwone mpole hivi, kwa kamba alikuwa mkorofi kwelikweli. Ungeweza kumtukana, kumbembeleza, hata kumwitia mwenye duara. Kama aliye chini ya shimo hajasema "yare," kamba haivutwi wala hailegezwi. Basi!

Neno lenyewe lililetwa na Magesa, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza kabla dhahabu haijamnyang'anya chaki. Waingereza wa kale, alisema, walilitumia kwa mtu aliyekwisha kujiweka sawa, na mabaharia wao wakaisifia nalo merikebu isiyosumbua kugeuka. Kisha wenyewe wakalichoka, wakaliacha. Magesa akaliokota makusudi. "Tayari" hakuliamini hata kidogo: mtu wa kwetu husema tayari huku bado anatafuta kiatu! Alitaka neno lisilo na kazi nyingine, na wa kulitamka awe mmoja tu, aliye chini. Wachimbaji wakalitamka kama lilivyoandikwa, ya-re, na nani angewazuia?

Wakazeeka nalo, Magesa chini, Maduhu juu.

Magesa alipougua alirudishwa kwake Ngokolo. Maduhu akawa anasema kesho nitakwenda, kesho nitakwenda, mpaka akafika siku ya mazishi. Wakampa ncha moja ya kamba za kushushia jeneza. Likateremka taratibu, likatua. Wenzake wakaachia. Yeye hakuachia.

"Achia, mzee," wakamnong'oneza.

Mikono ikakataa. Jamani, alijiona mjinga, machozi yanamtoka mbele za watu, lakini tangu ujana wake hajapata kumlegezea Magesa kamba kabla ya neno. Na wa kulisema ndiye huyo kalala kimya.

Mariana, mjane wa marehemu, akamsogelea. "Shemeji, unangoja nini?"

"Hajasema yare."

Mama yule akashtuka, akamshika mkono. "Yare? Kumbe ni neno? Baba Asteria alilisema, shemeji. Alfajiri ile ile aliyotutoka. Akalirudia kwa nguvu, kama anamwita mtu aliye mbali. Sisi tukadhani anaweweseka kwa homa."

Maduhu akafumba macho. Alipoyafumbua, akainama juu ya kaburi.

"Haya, mwalimu," akasema, akailegeza kamba polepole, kama siku zote.