Redio Husema ya Leo

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kwenda sekondari, nikachaguliwa kutunza redio. Kijiji chetu cha ujamaa, huku milimani Ngara, kilikuwa kimepewa redio moja kwa ajili ya kikundi cha watu wazima cha kusikiliza masomo. Kamati iliamua ikae kwetu kwa sababu mlango wetu ulikuwa na komeo, na kwa sababu mimi nilijua kusoma bila kufuata mstari kwa kidole. Kazi yangu ilikuwa kuifungua Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni, watu wakae kwenye mikeka, somo lisikilizwe, niifunge, kisha niwasomee kijitabu tujadiliane habari za vyoo na maji ya kuchemsha.

Kijitabu hakikusema lolote juu ya kipindi kilichofuata baada ya somo la Ijumaa. Hicho kilikuwa cha habari za sayansi, robo saa tu, na ndicho nilichokipenda kuliko chakula. Sheria ilitaka niifunge redio. Sikuifunga. Hakuna aliyenilaumu, maana choo kila mtu alikuwa nacho kwake, lakini mambo ya ng'ambo yalikuwa mageni kwetu sote.

Bingwa wa kipindi hicho alikuwa mzee mmoja mchunga mbuzi, jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sikuwahi kumsikia akisema jambo kwa uzito. Alibishana na mtangazaji kama vile amesimama ng'ambo ya barabara.

Siku moja tuliambiwa kwamba kuna mashine iitwayo kompyuta, inayomaliza kwa saa moja hesabu ambazo makarani mia wangezifanya kwa mwezi.

"Na hao makarani mia wanakwenda wapi?" mzee akaiuliza redio.

Redio ikaendelea na mambo yake, nikamjibu mimi. "Watatafutiwa kazi nyingine, mzee."

"Kazi gani nyingine? Watapewa majembe, waletwe huku." Akafikiri kidogo. "Basi mashine hiyo ni ya kijamaa. Inawarudisha watu shambani."

"Halafu wanasema haikosei."

"Haijaoa," akasema mzee.

Mke wake, aliyekaa mkeka wa pili, akasema angejua mapema angeolewa na mashine.

"Nani angekupasulia kuni? Haina mikono hiyo, umesikia mwenyewe."

"Na wewe unayo?"

Watu walicheka mpaka habari za hali ya hewa zikapita bila kusikiwa. Wiki nyingine ilikuwa zamu ya chombo kinachozunguka angani kikipiga picha mashamba ya dunia nzima. Mzee akasema vizuri sana, bwana shamba apumzike sasa, akija kulikagua shamba lake, yeye mzee atamwambia limeshaonekana. Mimi nilicheka nao, lakini usiku niliwaza. Nilidhani kompyuta ni jumba lenye ngazi, na niliiona meza yangu humo ndani, karibu na dirisha.

Kisha vita vikaja. Kaka yangu alikuwa mgambo, akapanda lori pamoja na vijana wengine wa tarafa yetu. Ndipo redio ikapata siku ya tatu: Jumamosi jioni, nusu saa, zilisomwa salamu za wapiganaji. Mama hakuwahi kuja mkekani kwa ajili ya vyoo, ila kwa salamu alikuja wa kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, bei na shukrani. Nyumbani tulisema Kihangaza. Hakuhitaji zaidi. Alikuwa akisubiri majina mawili, la kwanza la kanisani na la pili la babu yetu, yafuatane.

Ijumaa moja kipindi cha sayansi kilisema kompyuta imecheza mchezo na mtu ikamshinda. Mzee akataka iletwe mara moja icheze bao na yeye, na kama haina mikono yeye atakubali kuisogezea kete, kwa uaminifu wake wote. Hapo watu walipagawa kwa kicheko. Nami kwa furaha nikaiacha redio ikiimba muziki hadi giza lilipoingia. Nilijua betri zilikuwa zimechoka. Asubuhi yake niliyaanika mawe hayo ya redio juani, kama sote tulivyofanya, nikayageuza geuza kama mihogo. Duka la kijiji halikuwa na betri, halikuwa na sabuni wala chumvi. Kila kitu kilikuwa kimekwenda vitani.

Jumamosi jioni redio ilikwaruza kama mende ndani ya kopo, ikanyamaza. Watu wakaondoka mmoja mmoja kwa heshima. Mama alibaki. Alikaa mbele ya redio iliyokufa mpaka nusu saa ilipokwisha, na mimi nikakaa naye nikichambua maharage, nisipate pa kuweka macho.

Jumatatu mzee alirudi kutoka Biharamulo, alikokuwa amempeleka mkewe hospitali Jumamosi asubuhi. Alisimama mlangoni kwetu asiseme mzaha wowote, nami nikaogopa.

"Nilikuwa dukani kwa yule Mswahili, chini ya boma," alimwambia mama. "Redio yake iko juu ya kaunta. Wakamsoma mwanao. Majina yote mawili, na Ngara wakaitaja. Anamsalimu mama yake. Yuko salama. Anasema ndama wake asiuzwe mpaka arudi."

"Ndama gani?" mama akauliza. Hatukuwahi kuwa na ng'ombe.

"Nimesema nilichosikia."

"Wewe ni mtu wa mzaha."

"Ni mtu wa mzaha, dada yangu. Masikio yangu hayana mzaha."

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Jioni aliniuliza tu maneno ya redio huenda wapi kama hakuna wa kuyapokea. Mimi, kwa ujinga wangu wa kujua mambo, nikamweleza kama mwalimu wetu alivyotufundisha: kwamba ni mawimbi, hayaonekani, yanapita kwenye ukuta, kwenye mti, hata kwenye mwili wa mtu.

"Kwa hiyo yalipita humu ndani."

"Yalipita, mama."

"Nikiwa nimekaa pale."

"Ndiyo."

Akaweka kiganja kifuani. Tangu siku hiyo nilimwona mara nyingi akisimama katikati ya kazi, jembe mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Nikimwita hakuitika upesi.

Kaka alirudi. Vita vilikuwa vimekwisha na tulikuwa tumevuna. Alishuka kwenye lori akiwa mwembamba, akawa anakaa mgongo ukutani kila mahali, hata kanisani. Kijiji kizima kilicheza ngoma. Mzee alimwuliza kama huko mbele alikutana na ile kompyuta. Kaka akacheka, na mama akalia kwa sababu amecheka.

Siku ya tatu, tukila, mama akamwuliza habari za ndama.

Kaka akarudisha tonge kwenye sahani. Akasema yeye hakutuma salamu. Siku salamu zilipoandikwa alikuwa kwenye zamu ya ulinzi. Katika kombania yao walikuwa wawili wenye majina yale yale mawili. Mwenzake alitoka upande wa Rusumo, humu humu Ngara, na njia nzima alikuwa akizungumzia ndama wake, mpaka wakamtania kwamba amemwoa.

"Zile karatasi za salamu tuligawiwa kabla ya kuvuka mpaka," alisema. "Zikakusanywa, zikapanda lori, zikakaa wapi sijui, miezi. Huko mbele mmoja wetu alikuwa na redio ndogo. Tulikuwa tunasikiliza. Wengine waliosomwa tulikuwa tumeshawazika."

"Na yeye?" mama akauliza.

"Na yeye. Nilimfunika mimi."

Hakuna aliyemaliza chakula. Asubuhi mama aliamka na uamuzi. Salamu za mtoto wa mwenzake zilikuwa zimekaa nyumbani kwake, alisema, na alikuwa amezilia yeye, amezifurahia yeye, lazima zifikishwe. Mzee akaunga mkono: salamu ni amana. Lakini kaka akakataa kwenda.

"Pale wakiliita jina hilo nitaitika mimi," akasema.

Basi tukaenda wawili, mama na mimi, tukaondoka alfajiri. Tulifika adhuhuri, mahali ambapo ukinyamaza unasikia maporomoko ya Rusumo. Kuuliza hakukuwa kugumu. Tuliuliza nyumba ya aliyekufa vitani akaacha ndama. Uani kulikuwa na wanawake wengi wakikamua ndizi za pombe kwenye mtumbwi wa mti. Mmoja wao akatuambia Jumapili ni siku ya kumaliza msiba. Pombe itanywewa, wafiwa watanyoa, mama wa marehemu atarudi kuishi na watu. Nyuma ya nyumba alifungwa mtamba mwekundu, ndama aliyekwisha kukua. Mama alipomwona, akaketi chini kabla ya kukaribishwa.

Mwenye msiba alikuwa mwanamke mfupi, mikono imejaa maji ya ndizi hadi kwenye viwiko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Mama akaanza kueleza kwa lugha yetu, kila kitu, duka la Biharamulo, majina mawili, yuko salama, ndama asiuzwe. Lakini alipofika kwenye kaka yangu alifupisha, kaburi hakulitaja. Akasema tu kwamba wetu amerudi na kwamba salamu hazikuwa zake.

Yule mama hakulia. Akauliza, "Lini? Zilisomwa lini?"

"Maharage yalikuwa yametoa maua," mama akajibu.

Wanawake wakaacha kukamua.

"Mimi nililetewa habari ya kifo tukipanda maharage hayo hayo," akasema yule mama polepole. "Walikuja na karatasi. Mwili hawakuleta." Akahesabu kimya kimya, nikaona midomo ikienda. Kisha akanigeukia mimi.

"Binti. Mama yako anasema wewe ndiwe mtunza redio, unaijua. Hebu niambie. Redio husema ya leo, au husema ya zamani?"

Mimi niliyewaeleza watu wazima kompyuta. Mimi niliyeeleza mawimbi bila kuulizwa mara mbili. Nilijua karatasi, lori, miezi, na nilijua ni nani aliyeshika chepe. Nikaitazama ile mikono yake, maji ya ndizi yakidondoka, amesahau kuifuta.

"Husema ya leo, mama," nikasema.

Alikwenda kunawa. Aliporudi aliwaambia wanawake kwamba Jumapili hakuna msiba wa kumaliza. Ile pombe ikiiva itanywewa kwa habari njema. Mmoja akapiga kigelegele kifupi, cha kuuliza, kisha wengine wakamfuata. Tulilazimishwa kula. Mama yangu alimeza kila alichopewa bila kuinua uso.

Njiani mama aliniuliza.

"Kwa nini?"

"Sikuweza, mama."

"Hata mimi nisingeweza," akasema. "Lakini mimi sikuulizwa."

Kaka aliambiwa usiku huo huo. Nilingoja anipige kofi. Alinitazama tu, akaniambia kwa upole, "Mimi nilimfunika. Wewe umemfukua."

Nilidhani mambo yangeishia huko mlimani kwao. Lakini mwezi uliofuata, Ijumaa, tukiwa mkekani mbele ya redio iliyokwisha kupata betri mpya, alitokea yule mama wa Rusumo na kifurushi chake, miguu myekundu kwa vumbi. Kwao hakuna redio. Alikuja kusikiliza kwetu, alale, arudi Jumapili. Amekuja hivyo mara nyingi sasa. Kaka akimwona kwa mbali anachukua blanketi lake na kwenda kulala kwa mzee; tumemwambia mgeni kwamba ana safari nyingi.

Kipindi cha sayansi anakipenda. Wiki hii kilizungumzia mashine itakayoweza kusema kwa sauti kama ya mtu. Mzee akauliza kama itaamkia wakubwa. Nikamwambia labda itafundishwa.

"Basi isinitangulie kuniuliza hali," akasema mzee. "Nitamwambia nani kwamba magoti yananiuma, sanduku?"

Yule mama alicheka kuliko wote, akajifuta machozi kwa pindo la kanga, akanigusa bega kama mtu anavyomgusa mwanawe. Nikapanga, kama ninavyopanga kila Ijumaa, kwamba kesho nitamwambia.

Salamu za wapiganaji zilikwisha na vita. Jumamosi saa ile ile sasa zinasomwa salamu za wagonjwa, hospitali moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza nilimweleza hivyo, nikitumaini atachoka. Alifikiri sana.

"Labda anaumwa mahali," akasema.

Jana tulikuwa watatu tu mkekani, yeye, mama na mimi. Mama aliniangalia mara mbili, na mara zote mbili nilifumbua mdomo. Mtangazaji akataja jina la kwanza, lile la kanisani. Yule mama akainua mkono tusipumue. Jina la pili likawa la mtu mwingine, wa Mwanza. Akashusha mkono taratibu, akaulaza juu ya goti langu.

"Hospitali ngapi zimebaki?" akaniuliza.

"Mbili."

"Ongeza sauti, mwanangu."

Nikaongeza.