Kungoja Bila Kutazamia

Mwaka ule nilifundisha Kiingereza sekondari hapa Kalemie, kando ya ziwa, na kilichonisumbua zaidi hakikuwa matamshi ya wanafunzi bali vitenzi. Kifaransa kilikuwa kimewazoesha neno moja, attendre, kwa mambo mengi, basi waliandika "I wait my father tomorrow" na kufunga daftari kama watu waliomaliza kazi. Asubuhi moja nikaandika ubaoni vitenzi vitatu: wait, expect, hope. Nikaeleza kwamba anayesema wait amebaki mahali, anangoja. Anayesema expect ana sababu ya kuamini kuwa jambo litakuja, anatazamia. Anayesema hope anatumaini tu, awe na sababu au asiwe nayo.

Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho ndiyo yake ni njo, "Madame, lakini kwetu yote njo kungoja."

"Mama akipika bugali ya baba mbele baba afike," nikamuuliza, "anamungoja ao anamutazamia?"

Akafikiri. "Anamutazamia. Kama hana hakika, hawezi kumupikia."

Nilifurahia mfano ule hadi jioni, nilipojikuta nimesonga bugali ya watu wawili.

Mume wangu alikuwa ameshuka Moba kwa boti, ili apande mlima hadi Kirungu kununua maharagwe. Alizoea safari hiyo. Aliniambia atarudi Jumapili, na Jumapili hiyo ilikuwa imepita, na nyingine nyuma yake. Simu yake ilikuwa haipatikani. Huko juu mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo mwanzoni sikuhangaika. Kisha nikaanza kufua nguo zilizokuwa safi. Nilifagia uwanja, nikaingia ndani, nikatoka tena kuufagia. Nilipokaa kusahihisha kazi za wanafunzi, pikipiki ikipunguza mwendo barabarani nilikuwa nimeshasimama mlangoni kabla sijajua kwamba nimeinuka.

Jirani yangu, mama mmoja ambaye watu wa kwao walitoka pande za Fizi kufuata uvuvi, aliniuliza tukiteka maji, "Baba hajafika bado?"

"Namutazamia."

"Si uende kuuliza kwenye maboti?"

"Atakuja tu, Mama."

Ziwa haliko mbali na kwetu. Ningeweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla maji hayajachemka. Lakini niliona kwamba mtu mwenye hakika haendi kuuliza, na nikienda kuuliza nitakuwa nimekiri kuwa hakika yenyewe sina. Basi niliendelea kumpikia. Asubuhi nilikula kiporo chake kabla ya kwenda shuleni.

Jumamosi moja mkurugenzi wa shule akaniomba nimsaidie mgeni, mwanamke aliyekuja kuzungumza na watu waliokimbia vita na kupata hifadhi pale Katanika. Mkalimani wake alikuwa mgonjwa, naye Kifaransa chake kilikuwa cha kusalimia tu. Nilikubali upesi. Kukaa nyumbani kulikuwa kumenishinda.

Tulizunguka toka hema hadi hema. Karibu na adhuhuri tukafika kwa mama mmoja wa rika langu, aliyekaa kivulini mwa bashi, turubai la hema lake, akichambua sombe, majani ya muhogo. Alitupatia kigoda kimoja, mgeni akakikalia, mimi nikachutama. Mgeni akauliza mume wake yuko wapi.

"Namungojea," akajibu.

Nikasema kwa Kiingereza: she is waiting for him.

Mgeni akainua uso. Akauliza kama basi mama huyu anamtazamia, na akatumia kitenzi kile cha pili. Nilielewa alichotaka: kama anatazamiwa, yupo mahali, na kuna habari zake. Nikaligeuza swali.

"Mama, mugeni anauliza kama unamutazamia. Kama kuna neno ulisikia, ao muntu alimuona."

"Hakuna neno. Siku tulikimbia, sisi tulipita huku, yeye alipita njia ingine. Tangu pale, kimya."

"Basi unatumaini atakuja?"

Mikono yake ikatulia juu ya majani. "Nilitumaini kwanza, Mama. Kutumaini kulininyima usingizi. Pikipiki ikipita, nasimama. Muntu akikohoa inje, nasimama. Nikaona nitakufa na watoto nitawaachia nani. Nikaacha kutumaini. Sasa namungoja tu."

Nikatafsiri: anangoja, lakini hatazamii, na kutumaini ameacha. Mgeni akatikisa kichwa polepole. Akasema huwezi kumngoja mtu usiyetumaini kumwona, labda sikuelewa vizuri, nimuulize tena. Niliona haya kumrudia mtu kwa swali kama lile, lakini nikamuuliza.

Hakukasirika. "Umuambie hivi: nikitoka hapa, siku akikuja atanikosa. Njo maana nakaa. Moyo wangu ni jambo ingine."

Nililisema neno kwa neno. Mgeni akatazama watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya hema. Mama yule akaniangalia mimi.

"Na wewe, Mama, bwana yako iko nyumbani?"

"Alienda Kirungu. Namutazamia."

"Nani alikuambia anakuja?"

Hakukuwa na ubaya wowote katika kuuliza kwake. Ni swali lile lile nililotoka kumuuliza yeye. Sikuwa na jina la mtu wa kutaja. Mgeni akaniuliza tunaongea nini. Nikamwambia ni salamu.

Tulipomaliza sikurudi nyumbani. Nilipanda pikipiki hadi ufukoni, pale maboti ya Moba yanaposhushia mizigo, nikamtafuta nahodha aliyemchukua mume wangu. Nilimkuta amelala juu ya magunia. Aliponitambua aliketi.

"Mama, sisi tulirudia zamani. Baba alibakia kule juu. Aliteleza kwenye njia ya mulima, mguu ukavunjika."

"Kwa nini hamukunieleza?"

"Tulituma neno kwa kijana mumoja wa pikipiki. Hakufika?"

Hakufika. Sikujua kama nilichokisikia ni hasira au nafuu. Nikamuuliza boti inaondoka lini. Akasema kesho, kama ziwa litakubali. Ziwa lilikubali shingo upande. Tulipigwa na mawimbi njia nzima, nikafika Moba nguo zimelowana, na njia ya kupanda Kirungu niliimaliza nikitetemeka kwa baridi ya kule ambayo sikujiandaa nayo.

Mume wangu alikuwa ameketi jikoni kwa watu waliompokea, mguu umefungwa vijiti na vitambaa, sinia la maharagwe mapajani. Alikuwa akitoa mawe pamoja na mama wa nyumba. Aliinua macho kana kwamba nilikuwa nimetoka kuteka maji tu.

"Umefika," akasema. "Nilisema utafika juma hili."

"Ulijua ninakuja?"

"Si niliwatuma watu wakuambie? Nilikutazamia kila siku. Mama huyu alikuwa anakuwekea chakula."

Mama wa nyumba akathibitisha kwa kichwa. Nilikaa chini kando ya moto nikaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka kilio, na mume wangu akaliweka sinia pembeni akabaki ameniangalia bila kuelewa. Nilipoweza kusema, nilimweleza kwamba na mimi nilikuwa nampikia. Kila mmoja wetu alikuwa amekaa upande wake wa ziwa na sahani ya mwenzake, ametulia kwa sababu ana hakika.

"Sasa mimi na huu muguu ningefanya nini?" akauliza.

"Wewe, hakuna. Mimi njo nilikuwa na miguu."

Tulirudi Kalemie mguu ulipoanza kukanyagika. Ulipona ukiwa umepinda kidogo, na safari za mlima aliziacha, sasa maharagwe analetewa na wengine. Tulidhani mimi ningetulia. Sikutulia. Hata leo, yeye akiwa ameketi mbele yangu na redio yake, pikipiki ikipunguza mwendo barabarani mwili wangu unainuka wenyewe. Ananiuliza, "Unamungoja nani?" Ninarudi kukaa.

Mgeni yule alirejea msimu wa mvua, akaomba niende naye tena ingawa mkalimani wake alikuwa mzima. Nilitembea mbele yake hadi kwenye hema la mama yule. Bashi lilikuwa lile lile, lakini pale kivulini alikuwepo bibi mmoja, na masufuria yalikuwa mengine.

"Yule mama aliyekaa hapa iko wapi?" nikauliza.

"Aliondoka na watoto. Walisema njia ya kwao imefunguka."

"Kulikuwa neno la bwana yake?"

"Neno gani? Alisema tu anaenda kumutafuta." Bibi akanyoosha kidole kwenye njia ya kutokea kambini. "Alituachia kazi. Muntu akikuja kumuuliza, tumuambie alipita wapi."

Mgeni alikuwa akisubiri. Nikamwambia mama ameenda kumtafuta mumewe. Kiingereza kinatofautisha vizuri sana kati ya kutafuta na kupata, look for na find, havichanganyiki kamwe, na mgeni akauliza kile cha pili: amempata?

Nikamuuliza bibi. Bibi akasema hajui, nani angemletea habari huku. Akatuuliza kama tutakaa, aingize kigoda ndani, maana mawingu yalikuwa yameshafunika ziwa na matone ya kwanza yalikuwa yanapiga juu ya bashi.