Viti Vinne kwa Mama Wanjiru

Kila Novemba kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kilinuka maganda ya kahawa. Harufu hiyo nzito na chachu ilipanda kutoka kiwandani kule mtoni, ikaingia kwenye sweta, kwenye uji, hata kwenye Biblia ya mama. Mwaka niliomaliza darasa la saba, uhuru ukiwa bado mchanga, niliivuta harufu hiyo pamoja na hofu. Shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa imetenga nafasi moja, ada ikiwa imeshalipwa, kwa msichana wa kijiji chetu aliyefaulu na ambaye kwao hawakujiweza. Tuliofaulu tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu Wanjiru, tena kwa alama zilezile. Kwa hiyo watu wa shule hiyo wangekuja kutazama nyumba zetu na kuamua nani ana shida zaidi.

Jibu lilijulikana hata na mbuzi wa pale. Baba yangu alikuwa karani wa kiwanda. Tulikuwa na redio na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma. Mama yake Wanjiru alikuwa mjane aliyechuma kahawa ya wengine, na nyumba yake ya udongo haikuwa na kitu ndani ila vigoda na magunia. Lakini baba alikuwa na watoto saba na mshahara wa kuwatosha watatu, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Siku moja kabla ya ziara, Mama Wanjiru alikuja kuazima viti. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mgeni wa heshima akitarajiwa, unapita kwa majirani kukusanya vya kumkalisha.

“Mama Njeri,” alimwambia mama, “mwalimu hawezi kukalia gunia kwangu. Atasema mtoto ametoka kwa watu gani?”

Mama hakusita. Alimpa viti vyote vinne na vikombe vya maua, kisha akamwongezea redio, ambayo hakuiomba. Niliibeba mwenyewe hadi kwao, nikijivunia ukarimu wetu. Niliporudi nilimkuta mama akitandaza magunia sebuleni, naye akaniambia nivue viatu na nisivivae mpaka kesho jioni.

Walikuja wawili, mwalimu wa kike na karani wake, wageni kabisa katika kijiji chetu. Kwetu walikunywa chai kwenye vikombe vya bati. Nilikohoa mara mbili bila kuambiwa na mtu, na naungama kwamba sijaigiza vizuri hivyo tena maishani. Kisha nikatumwa niwaonyeshe njia ya kwa Wanjiru. Pale mwalimu alikaa, akapapasa kitambaa cha kiti, akaitazama redio.

“Mmejaliwa hapa, mama.”

“Tunamshukuru Mungu, mwalimu,” alijibu Mama Wanjiru, uso wake uking’aa.

Walipotoka nilimsikia mwalimu akimwambia karani kwamba udongo ni wa nje tu, ndani wanajiweza. Nilikuwa hatua mbili nyuma yao, miguu mitupu. Ningeweza kusema viti ni vyetu. Niliwaonyesha njia ya mkato ya kufikia barabara, wakanishukuru.

Nafasi niliipata mimi, na baada yake chuo kikuu. Leo naandika magazetini kwamba alama peke yake hazitoshi, kwamba anayesoma kwa koroboi na kufikia alama za anayesoma kwa taa ya umeme amepanda mlima mrefu zaidi, na kwamba vyuo vikuu vimpime hivyo. Naliamini neno hilo kwa moyo wote. Wasomaji huniandikia kunipongeza kwa kuwatetea wanyonge. Siku hizi shida hujazwa kwenye fomu, na najua vizuri watu wa aina gani ni hodari wa kuijaza.

Mwaka jana nilikutana na Wanjiru sokoni Nyeri, ambako anauza viazi. Tulikumbatiana, tukacheka, tukataja waliokufa. Mama yake alikuwa mmoja wao.

“Alijilaumu mpaka mwisho,” aliniambia akinichagulia viazi vikubwa. “Alisema angewachinjia wale walimu kuku, wangenichukua.”

Nilikuwa na nafasi nzuri ya kusema. Nilimwambia mama yake alikuwa mtu mkarimu sana, nikashika mfuko wangu, nikaenda.