Kona ya Mama Tluway na Taa za Sulle

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu pale Maretadu, mwanangu, wazee walipokaa kuamua kama mjane mmoja atengwe kwa sababu ya taa za pikipiki. Ukisoma hivyo utadhani natania. Sitanii. Shule yangu iliishia darasa la saba na siyo kila jambo nalipanga vizuri, lakini hili nikilikumbuka bado damu inanichemka, kwa hiyo nivumilie.

Pikipiki ndiyo kwanza zilikuwa zinajaa kwetu. Sulle, kijana mwenzangu wa kijiweni, alifunga spotilaiti mbili kwenye kinga ya mbele. Usizidharau taa zile. Ukungu wa huku unaujua. Taa ya kawaida inakuonyesha mikono yako tu. Sulle alikuwa anawahisha maziwa ya watu Mbulu mjini kila asubuhi, na bila spotilaiti asingethubutu kutoka.

Chini ya kijiji kuna kona kali. Ukiwa unashuka lazima upunguze mwendo kabisa na kukata usukani wote kushoto. Juu ya kona hiyo alikaa Mama Tluway, mjane, na ng'ombe wake wachache na shamba la maharage. Basi kila Sulle akifika pale, spotilaiti zinazima. Akiimaliza kona, zinawaka zenyewe. Siku moja zikazima akaingia mtaroni, maziwa yakamwagika yote na mkono ukavunjika. Sitaki kumwonea Sulle. Aliumia kweli, na aliogopa kweli. Mtu anayepata giza mahali palepale kila asubuhi ana haki ya kuogopa.

Akaipeleka pikipiki kwa fundi. Fundi akaisimamisha, usukani umenyooka, akawasha, zikawaka. Akapima betri, akaangalia fyuzi, akakaza waya wa ethi, ule unaoshikizwa kwenye chuma cha pikipiki. Akasema, "Hapa sioni tatizo." Hakusema zaidi ya hapo, mimi nilikuwepo. Lakini neno hilo lilipofika kijiweni likawa, fundi amesema tatizo siyo la pikipiki. Lilipofika mnadani, ambako Sulle alilisimulia mwenyewe, likawa, fundi amesema kuna mtu. Na huyo mtu angekuwa nani, kama siyo mama anayekaa peke yake juu ya kona?

Madereva wakaacha kumbeba. Mahindi yake ya kusaga akawa anayabeba mgongoni mpaka mashineni. Watoto wakaambiwa wasimwamkie. Wewe umelelewa huku, unajua maana yake mtu mzima kupitwa na mtoto bila shikamoo. Mimi niliendelea kumwamkia, ila kwa sauti ndogo, watu wakiwa mbali. Sijui kama hiyo inahesabika.

Mwisho ndugu zake Sulle wakapeleka shauri kwa wazee. Walitaka Mama Tluway atengwe, asipewe hata moto, asisaidiwe kuvuna, na akifa asizikwe na kijiji.

Wazee wakakaa uwanjani kwa Mzee Lohay, mkubwa wao. Sulle akaeleza, mkono umefungwa bandeji. Mama Tluway akaachwa aseme mwisho. Hakulia wala hakuapa. Alimgeukia Sulle tu.

"Mwanangu, ukishuka zinazima. Ukipanda je?"

"Nikipanda haziwahi kuzima."

"Kwa hiyo mimi naroga wanaoshuka. Wanaopanda nawaonea huruma."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Na lile lori la mchanga," mama akaendelea, "mbona taa zake sizizimi? Au limenishinda uzito?"

"Mama, sasa mimi nitajuaje?"

"Ungejua kama ungeangalia. Mimi nakuangalia kutoka zizini nikikamua. Zinazima ukikata usukani kushoto. Ukinyoosha zinawaka. Leteni hiyo pikipiki hapa."

Ilikuwa palepale nje ya ua, mdogo wake Sulle alikuwa amembeba nayo. Mzee Lohay akasema iingizwe. Wakawasha. Mama akaushika usukani mwenyewe, akauvuta kushoto mpaka mwisho. Zikazima. Akaunyoosha. Zikawaka. Akarudia, polepole, ili hata waliokaa nyuma waone.

Fundi alikuwepo. Akainuka, akapapasa pale shingoni mwa usukani. Waya wa kutoka kwenye swichi ya usukanini ulikuwa mfupi, tena ulifungwa kwenye chuma cha fremu kwa kamba ya plastiki, ukakazwa mno. Usukani ukienda kushoto, waya unavutika. Gamba la nje lilikuwa zima, shaba ya ndani imekatika. Ukinyoosha, ncha zinagusana, ukivuta, zinaachana. Fundi akasema mbele ya wote, "Nilipaswa kugeuza usukani wakati napima. Sikugeuza." Kwa neno hilo ninamheshimu mpaka leo.

Lakini Sulle alicheka. "Kumbe ni waya tu. Basi wazee, yamekwisha." Na wengine wakacheka naye, wakaanza kukung'uta nguo waondoke. Mwanangu, ni kicheko kile ninachokiandikia. Wakati wanamtenga walikuwa na nyuso nzito za watu wenye shughuli kubwa, na sasa ilikuwa waya tu.

Mzee Lohay hakucheka. "Yamekwisha kwa nani? Taa utazitengeneza leo kwa kipande cha waya. Huyu mama utamtengeneza kwa nini? Umekuja hapa asubuhi hii kuniomba nisimzike."

Sulle akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe."

"Nimekusikia," mama akasema. "Lakini hukunisema hapa. Ulinisema mnadani. Nenda kaniseme hukohuko."

Alikwenda, namtendea haki kwa kusema hivyo. Siku ya mnada alisimama katikati ya wachoma nyama akasema kwa sauti kwamba alimsingizia Mama Tluway, na kwamba ulikuwa waya. Waliokuwa karibu walisikia. Wa mbali walikuwa wanabishania mbuzi. Kuanzia hapo madereva walimbeba tena, yeye na mahindi yake, lakini mpaka anafariki juzi juzi hapa, wapo waliokuwa wakipita kona ile wanatema mate chini. Tulimzika tukiwa wengi, pamoja na wale waliotaka asizikwe. Niliwaona wameshika makoleo nikakasirika upya. Kisha nikajiuliza kama nawaonea, labda na wao walikuwa wanajuta. Sikupata jibu.

Sasa wewe umenunua pikipiki, na umefunga taa za ziada. Zikizima, anza na taa zenyewe. Angalia fyuzi, wala usiweke kipande cha waya mahali pake. Angalia ethi kama imeshika kwenye chuma kitupu au juu ya rangi. Fuata waya kwa vidole kutoka kwenye betri mpaka kwenye globu, na pale waya unapojikunja, ukunje huku na huku. Geuza usukani kushoto, geuza kulia, taa zikiwa zimewaka. Usiridhike kwamba zinawaka pikipiki ikiwa imesimama. Ukishindwa kabisa, sema "sijajua", ukae na kutojua kwako. Usimtafute mtu wa kumbebesha lawama. Na ukishamsema mtu vibaya ukagundua umekosea, usiende kumnong'oneza nyumbani kwake. Rudi mahali uliposema, mbele ya waliokusikia, ingawa nakwambia mapema kwamba wote hutawakuta.

Mungu akufikishe kila unakokwenda na akurudishe mzima kwa mama yako. Barabara ya ukungu ikufungukie. Na akujalie macho ya kuangalia kitu kabla ya kumnyooshea mtu kidole, na usiwahi kuwa wewe unayenyooshewa.