Siku Nyambizi Ilipoongea Kiswahili cha Kijenge

Najua mtacheka, na wengine mmeshaisikia hii habari vipande vipande kutoka kwa watu ambao hawakuwepo, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe nikiwa mzima, maana kila inaposimuliwa upya mimi nazidi kuwa mjinga (mjinga nilikuwa, sikatai, ila ujinga nao una viwango). Aibu yenyewe ilinipata Kikatiti, sebuleni kwa baba yake Ndeshi, mchana kweupe, nikiwa nimevaa shati nililolipiga pasi mara mbili.

Ndeshi ni mchumba wangu, lakini wakati ule uchumba ulikuwa kati yangu, yeye na Mungu tu. Kwao hawakuwa wameniona. Na mnajua utaratibu: kabla hujatuma washenga wako, mzee anataka kwanza akuangalie usoni, akulishe, akusikilize unavyojibu, halafu ndiyo aseme waje au wasije. Kwangu mimi hapo ndipo maisha yote yalipokuwa yamesimama. Kazi sina, nina digrii ya mipango na chumba cha kupanga mtaa wa Kijenge, mjini, na mzee mwenyewe, Mzee Elisante, ni mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu ambaye hata mbwa wake anabweka kwa utaratibu.

Sasa Mzee Elisante ana filamu yake. Ujanani, yeye na rafiki yake Mzee Loti waliiona kwenye sinema pale mjini: filamu ya vita ya zamani, ya wanajeshi waliofungiwa ndani ya nyambizi chini ya bahari huku meli za adui juu zikiwaangushia mabomu. Ndeshi anasema baba yake ameisimulia hiyo filamu kwenye sherehe za kipaimara, kwenye vikao vya ukoo na mara moja msibani, mpaka wafiwa wakasahau kulia. Basi kaka yake Ndeshi, Amani, anayesoma ng'ambo, akamtumia toleo jipya la kuangalia nyumbani: picha imesafishwa, sauti imetengenezwa upya, vipande vilivyokatwa zamani vimerudishwa, vyote kwenye diski ndani ya kasha zito kama Biblia. Tatizo ni kwamba diski yenyewe ni ya aina ambayo deki ya mzee haiisomi. Inataka mashine yake.

Ndeshi akanipigia simu. "Baba anauliza kama una mashine ya kuchezesha hizi diski mpya. Jumapili tukitoka kanisani ndiyo anataka kuiangalia, na ndiyo siku anataka kukuona. Kama huna sema tu huna, nitamwambia."

Mtu mwenye akili timamu angesema hana. Mimi, kabla sijavuta pumzi, nilishafika mbali: nikisema sina, mzee atajiuliza msomi gani huyu hana hata mashine, halafu atajiuliza nini kingine sina, halafu ataanza kuhesabu, na mtu akianza kuhesabu nisivyokuwa navyo tutakesha. Nikasema, "Mwambie asihangaike, nitakuja nayo."

Nilizunguka mji mzima. Muuza vifaa mmoja alinicheka waziwazi: "Kaka, nani bado ananunua hizo? Watu wanaangalia kwenye simu." Jamaa yangu wa Olasiti aliyeniapia kwamba anayo, nilipofika kwake akatoa deki ya kizamani iliyokuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake kuna maua ya plastiki. Jumamosi jioni nikaishia kwa Chidi, yule mwenye library ya muvi Kijenge anayewawekea watu filamu kwenye flashi. Nikamweleza natafuta mashine, na ni kwa ajili ya filamu gani.

"Ya nyambizi? Ile ya zamani? Ipo. Kali sana, mtu wangu."

Nikapata wazo, na wazo lilinijia limevaa nguo safi kabisa. Filamu si ile ile? Nitaichezesha kutoka kwenye flashi, nyuma ya runinga, nitajifanya diski imo ndani ya kompyuta yangu, mzee ataona filamu yake, nani ameumia? Na msidhani sikuikagua. Niliikagua yote! Nililinganisha sura ya kapteni na picha iliyokuwa mtandaoni, nikaangalia kama picha ina mikwaruzo, kama imekatwa, kama kuna sehemu ya kuwatia aibu wazee wa kanisa. Kitu kimoja tu: spika za kompyuta yangu zilikufa tangu niko chuo. Niliikagua filamu nzima bila sauti.

Jumapili nikafika. "Shikamoo Baba." "Marahaba, kijana. Wewe ndiye Joeli?" "Ndiye mimi." Akanitazama kwa muda, akanionyesha kiti, na mpaka hapo, nawaambia kweli, mambo yalikuwa mazuri. Mzee Loti alikuwepo na fimbo yake. Mama Amani, yaani mama yake Ndeshi, alikuwa amepika loshoro, na harufu ya maziwa mgando na ndizi ilitoka jikoni ikatuzunguka, lakini mzee alikataa isiletwe. "Filamu hii haiangaliwi watu wakila," alisema. Akafunga mapazia, akafunga milango, akazima simu ya Mama Amani mwenyewe kwa mkono wake. Aliwasha sabufa mpya aliyonunua kwa ajili ya siku hiyo, kubwa kama stuli, ikaguna. Kisha akanikabidhi kasha kwa mikono miwili kama anavyokabidhi sadaka.

"Mashine umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo, Baba," nikasema nikipapasa begi la kompyuta.

Nikapiga magoti nyuma ya runinga na kompyuta yangu. Nikachomeka flashi. Kasha nikalisukuma chini ya kabati.

"Umeiweka?"

"Nimeiweka, Baba."

Filamu ikaanza. Inaanzia chini ya maji kabisa, giza, wanaume wenye ndevu wanatazama juu kana kwamba dari litawajibu. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, na akanong'ona, "Hapa. Sikilizeni. Hapa hata mtu hapumui." Mimi mwenyewe sikuwa napumua. Kapteni akainua kidole. Akafungua mdomo. Na kutoka kwenye ile sabufa, kwa nguvu iliyotikisa vikombe kabatini:

"OYAAA! Wanangu wa Kijenge mpooo? Huyu unayemuona hapa ndiye Kapteni Gobole, jeuri kuliko baba yake, anawaambia vijana wake, leo mtu akikohoa tu sote tunakuwa kitoweo cha papa!"

Dijei. Chidi alinipa ile iliyotafsiriwa na dijei, anayepiga domo lake juu ya sauti ya filamu. Jasho lilinitoka sehemu ambazo sikujua zinatoa jasho.

Mzee Elisante aligeuza shingo polepole. "Nini hicho?"

"Kiswahili," akajibu Mzee Loti.

"Loti, nasikia kwamba ni Kiswahili. Kimetoka wapi?"

"Si ni toleo jipya? Labda wameongeza."

Wote wakanitazama. Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi hapo. Ningesema, "Baba nisamehe, hii siyo ile," tungecheka, tungekula loshoro. Lakini nikafikiria nitaelezaje flashi, na nikieleza flashi nitaelezaje mashine, na nikieleza mashine nitaeleza kwa nini nilimdanganya Ndeshi kwenye simu, na nikajisikia nikisema kwa sauti ya mtu anayejua, "Ndiyo, Baba. Siku hizi wanaweka lugha nyingi."

Uso wa mzee ulifunguka kama dirisha. "Loti! Unasikia? Sisi tulikuwa tunakimbizana na maandishi ya Kiingereza pale chini, neno moja tunalishika matano yanapita! Leo wazungu wametutambua!" Na Mzee Loti akagonga fimbo sakafuni kwa furaha. Nikadhani nimepona. Nilikaa hata vizuri kwenye kiti.

Mzee akatoa simu yake (yake hakuizima) akampigia Amani, ile ya kuonana sura.

"Mwanangu, asante! Mungu akubariki! Filamu inaongea Kiswahili!"

"Kiswahili?" Amani akauliza kule aliko. "Hapana, Baba. Lugha zimeandikwa nyuma ya kasha, Kiswahili hakimo."

"Unabishana na mimi? Sikiliza mwenyewe!" Akaielekeza simu kwenye sabufa, na dijei, kama aliyekuwa anasubiri aitwe, akasimamisha vita vyote vya baharini na kutangaza:

"Na kama umechelewa, muvi hii na nyingine kali unazipata palepale Kijenge, mkabala na gereji, muulize Chidi!"

Nikasikia Amani anacheka, kicheko cha mtu aliye mbali na hatari. "Baba, hiyo ni ya dijei. Ya kwenye flashi. Diski yako iko wapi?"

Mzee akakata simu. Hakunitazama. "Lete kasha."

Nilitambaa, nikalitoa chini ya kabati, nikampa. Aliligeuza mbele, akaligeuza nyuma, kisha akapitisha ukucha taratibu kwenye nailoni iliyolifunika, ile ya kiwandani, inayong'aa, nzima kabisa.

"Joeli."

"Naam, Baba."

"Diski umeitoaje bila kuchana nailoni?"

Nimelifikiria jibu la swali hilo kila siku tangu siku ile na bado sijalipata. Nililolitoa pale lilikuwa, "Baba, siku hizi…" nikaishia hapo, maana hakuna siku hizi yoyote inayopita kwenye nailoni. Ndeshi alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua analia au anacheka, na sikujua kipi ni kibaya zaidi.

Mzee akasimama. Nami nikasimama, nikijua ninaondoka. Ndipo Mama Amani akasema bila kutoa macho kwenye runinga, "Baba Amani, kaa chini."

"Mama Amani, huyu kijana…"

"Nimemsikia. Hukumu itangoja. Umenisimulia hawa watu tangu unanioa na nilikuwa sijui kwamba yule mnene ndiye mpishi. Leo naelewa. Nataka kujua kama wanatoka."

"Na mimi," akasema Mzee Loti, kwa aibu kidogo. "Ule mwisho sikuwahi kuuelewa."

Mzee akakaa. Basi na mimi nikakaa, na hapo ndipo mateso yalipoanza, kwa sababu filamu yenyewe ni ndefu, hata hiyo ya Chidi ilikuwa ndefu, na sikuwa na ruhusa ya kuondoka wala sikuwa nimesamehewa. Bomu likilipuka, najiuliza atanifukuza kwa maneno au kwa kidole. Maji yakiingia, najiuliza kama Ndeshi ataruhusiwa kunisindikiza. Nilimwomba Mungu umeme ukatike, mimi ambaye kila wiki nalalamika umeme unakatika, na siku hiyo umeme wa Kikatiti ulisimama imara. Ikaja sehemu ambapo ofisa mmoja kijana anahangaika na koki, na dijei akasema, "Huyu dogo ana digrii, ila koki hajui inafungwa upande gani," na hakuna aliyecheka, ila niliona Mzee Loti ananichungulia pembeni.

Mwishoni injini zikashika, nyambizi ikaanza kupanda, ikapanda, ikatoboa juu ya maji, na Mama Amani akapiga makofi. "Wametoka! Bwana asifiwe!" Mzee Elisante alikuwa anapangusa macho, ingawa dijei wakati huohuo alikuwa anawasalimia mafundi wa gereji mmoja mmoja kwa majina.

Mapazia yakafunguliwa. Loshoro ikaletwa. Ilikuwa tamu, naambiwa.

Mzee alinisindikiza mwenyewe hadi getini. Akasimama, mikono nyuma, kama yuko mstarini shuleni. "Kijana, nimefundisha maisha yangu yote. Mtoto aliyeniambia sijui, sikuwahi kumchapa. Leo nimekuuliza mara tatu. Hata Petro alipewa nafasi mara tatu."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Kusamehe ni kazi rahisi." Akatazama barabara. "Washenga wako wasije kwanza. Nitafikiri."

Ndeshi akanifuata barabarani. Kumbe alikuwa analia na kucheka vyote viwili. Nikamwambia labda nitafute mashine ya kweli, niirudishe heshima, na yeye akanikatisha.

"Joeli, Baba alijua huenda huna. Nilimwambia mwenyewe kabla sijakupigia, pengine hana. Akasema kama hana tutalitazama kasha, yeye na Loti watatusimulia. Asubuhi kanisani alishamwambia Mzee Loti amekubali, kilichobaki ni tarehe ya washenga tu."

"Kwa hiyo nilikuwa nimeshapita?"

"Kabla hujapiga hodi."

Nimeapa, na nyie ni mashahidi: kuanzia sasa nikiulizwa kama nina kitu na sina, nitasema sina hata kama naulizwa akili. Ila kiapo hakinisaidii kulala. Mtu mwingine angeambiwa "nitafikiri" angeona bado kuna matumaini, lakini mimi kazi hiyo naijua, nimeifanya tangu utotoni, najua kinachompata kijana wa watu mtu akikaa peke yake akaanza kumfikiria, na kule Kikatiti kuna mzee aliyekuwa ameshaamua vizuri kabisa, nami nikaenda nikamfundisha kufikiri.