Ndizi za Giaboksi

Shida ilinianza mwaka nilioingia darasa la tatu, nikiwa na miaka tisa, na darasa hilo sikulimaliza. Nimekumbuka kwa sababu juzi, pale Sironga, nilimwona fundi akisukuma ndizi mbivu ndani ya giaboksi ya pikapu kuukuu ili mnunuzi asisikie gia mbovu zikilia.

Baba alifanya hivyo mchana mmoja nyumbani Birongo. Alilala chali chini ya pikapu yetu, oili ya gia ikinuka kama mayai yaliyooza, mimi nikimenya ndizi na kumpa.

"Baba, inalilia nini?"

"Njaa, mama," akanijibu. "Wewe hulii ukiwa na njaa?"

Nikampa na ile ndizi yangu ya kula mchana. Alicheka huko chini mpaka akakohoa. Fundi alikuwa amemwambia gia zimelika, zibadilishwe, lakini soko la Marani lilikuwa kesho yake na mzigo wa kupeleka ulikuwa tayari. Alipoizungusha pikapu uani, kilio kilikuwa kimeisha. Mama akapiga makofi. Mimi nikajiona daktari.

Kesho yake, kwenye mlima wa kwenda Marani, gia ikachomoka. Pikapu ikarudi nyuma mpaka bondeni na mzigo wake wote, baba akiwa ndani. Tulimzika kando ya migomba. Kwa miaka mingi niliamini kwamba tungeipa ndizi moja zaidi, angerudi.

Leo nina shamba la ndizi, nyumba ya matofali, ng'ombe watatu na pikapu mbili. Pikapu yoyote ikilia, inasimama mpaka fundi aifungue giaboksi.